Kufuli na Nyumba ya Chuma

Siku za likizo katika nyumba ile zilianza kwa mlio uleule: nyundo ya baba ikigonga chuma, na Kufuli akiitikia kwa kubweka. Nyundo moja, mbweko mmoja. Mama alisema kwamba nyumbani kwake hakuna haja ya saa ya kuamshia watu, kwa kuwa wale wawili wakishaanza kazi, utatoka kitandani upende usipende.

Kufuli alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Baba alimpa jina hilo tangu akiwa kitoto kinachotosha kulala ndani ya kofia ya kuchomelea. "Makufuli mengine huvunjwa kwa nondo," baba aliwaambia wateja. "Hili langu lina meno." Wateja walicheka, ila walicheka wakiwa wamerudi nyuma hatua mbili.

Baba alikuwa fundi wa mageti, na karakana yake ilikuwa palepale uani. Ukifungua mlango wa jikoni unakutana na vyuma, mitungi ya rangi, nyaya na magamba ya chuma yaliyoungua. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, binti wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, ambaye watu wote walimwita Chiriku kwa ajili ya mdomo wake. Wee, mtoto yule alijua kuongea! Mama yake alisema kwamba akikosa mtu wa kuzungumza naye, huzungumza na ndoo. Na kwa kweli aliyemsikiliza kuliko wote alikuwa Kufuli, ambaye alikaa mbele yake akiwa ameinamisha kichwa upande, kama mzee anayesikiliza kesi.

Miezi michache nyuma, mteja mmoja, mama mjamzito, aliingia uani bila kubisha hodi. Kufuli akamrukia kwa kelele, na yule mama akateleza karibu aanguke. Baba aliona haya sana. Siku hiyohiyo aliamua kwamba mbwa atakuwa na nyumba yake, atafungiwa mchana wakati wa wateja, na kufunguliwa jioni kwa ajili ya ulinzi.

Sasa, mwambie seremala ajenge kibanda cha mbwa, atakijenga kwa mbao. Mwambie mwashi, atakijenga kwa matofali. Baba alikijenga kwa kitu alichokijua kuliko vitu vyote duniani, yaani chuma. Kuta za bati nene, paa la bati nene, sakafu ya bati nene, mlango wa nondo zilizopindwa zikawa maua, na komeo la kusukuma. Akakipaka rangi nyeusi iliyobaki kwenye geti la mtu, kisha akakiweka katikati ya uani, mahali ambapo kila anayeingia atakiona. Kilikuwa kizuri, kusema haki. Wateja walikizunguka wakikisifia. "Fundi, nipangishie na mimi," mmoja alisema, na baba akacheka wiki nzima.

Lakini kibanda kile kilijengwa wakati wa mvua. Mvua ilipokwisha, jua lilikuja kwa hasira. Kufikia saa nne asubuhi ndege walikuwa kimya, na udongo wa uani ulikuwa mweupe kama unga. Kufuli akaanza kugoma kuingia ndani ya nyumba yake. Alijilaza chini, akang'ang'ania, hata baba akalazimika kumsukuma.

"Anadeka huyu," baba alisema.

"Baba Chiriku, lile bati linaunguza," mama akajibu. "Hebu ligusie mkono."

"Mimi nashika chuma cha moto kila siku, mama Chiriku. Hilo ni joto la kawaida." Hata hivyo alifikiri kidogo, kisha akamwita binti yake. "Kuanzia leo hii ni kazi yako. Saa sita kamili, unamtoa Kufuli, unamfunga nyuma ya karakana penye kivuli, na unamjazia ndoo ya maji. Usisubiri kukumbushwa."

"Sawa, baba."

"Saa sita. Si saa sita na nusu."

"Nimesikia, baba, saa sita," Chiriku alisema, na kwa majuma mawili aliifanya kazi ile vizuri, tena kwa maneno mengi. Alimsimulia Kufuli habari zote za mtaani huku mbwa akinywa maji mpaka pua ikazama.

Basi ikafika siku ya Alhamisi. Baba alipakia geti kwenye mkokoteni wa magurudumu uliofungwa nyuma ya pikipiki, akaenda kulisimika kwenye nyumba mpya upande wa pili wa mtaa. Mama naye alikwenda kibandani kwake, ambako alishona nguo kwa cherehani. Kabla ya kuondoka, baba alimfungia Kufuli ndani ya nyumba yake ya chuma, akaacha simu ndogo ya nyumbani mikononi mwa Chiriku.

Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, na Chiriku alikuwa hajasukwa. Rafiki yake, aliyeitwa Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni, alikuwa na dada aliyejua kusuka. Saa tatu na nusu Chiriku alikwenda kwa kina Kidoti, nyumba ya sita kutoka kwao, akiwa na hakika kwamba mpaka saa sita atakuwa amemaliza. Alijua kuhesabu, lakini hakumhesabu mteja mwingine aliyemtangulia. Alianza kusukwa saa tano.

Saa sita ilipofika, nusu moja ya kichwa ilikuwa na mistari myembamba iliyolala vizuri, na nusu nyingine ilikuwa imesimama juu kama majani ya kichakani. Chiriku alitazama saa ya ukutani.

"Dada, naomba nikimbie nyumbani mara moja, nikamtoe mbwa."

"Nenda," dada alisema, akiwa ameshika chanuo kinywani.

Chiriku akajitazama kwenye kioo. Kidoti naye alimtazama, akaangua kicheko. "Utatoka hivyo? Wale wavulana wa pale dukani watakuimbia mpaka ufike darasa la saba!"

Chiriku akaketi tena. Nyumba sita tu! Angeweza kujifunga kanga kichwani, angeweza kupita nyuma, angeweza kukimbia na kucheka pamoja nao. Lakini aibu ya mtoto wa miaka kumi na miwili si kitu kidogo, na yeyote aliyewahi kuwa na umri ule anaijua. Akajiambia kwamba Kufuli ni mbwa mkubwa na dakika chache hazitamfanya kitu.

Saa sita na robo simu ikalia. Ilikuwa baba.

"Chiriku, jua la leo ni kali kupita kiasi. Umemtoa Kufuli?"

Chiriku alifungua mdomo. Yule msema mengi, ambaye neno halikuwahi kumpotea, alitafuta la kusema akapata moja tu.

"Ndiyo, baba."

"Na maji?"

"Ndiyo, baba."

"Haya, mwanangu. Vizuri," baba alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo.

Chiriku aliiweka simu mapajani. Dada wa Kidoti sasa alisuka taratibu, akiacha kila mara ili asimulie mambo ya harusi ya mtu. Mstari mmoja, mwingine, mwingine. Alipofunga uzi wa mwisho ilikuwa saa nane na nusu.

Chiriku alikimbia. Alipofika getini alianza kuita, "Kufuli! Kufuli wangu, nimekuja!" Siku zote angesikia mkia ukigonga bati, du du du. Leo hakusikia kitu. Alishika komeo, nalo likamwunguza vidole kama sufuria iliyotoka motoni, akapiga kelele akaachia. Akalisukuma tena kwa pindo la gauni lake.

Kufuli alikuwa amelala ubavu. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumtazama. Ulimi ulikuwa nje, mwekundu sana, na mate mazito yalikuwa yamemganda mdomoni. Kifua kilipanda na kushuka haraka haraka, kwa mlio wa kukwaruza. Bakuli lake lilikuwa kavu kabisa. Pembeni yake palikuwa na matapishi.

"Kufuli! Mama yangu wee! Kufuli, amka!"

Alimshika miguu ya mbele akamvuta. Alikuwa mzito, na mwili wake ulikuwa wa moto hata chini ya manyoya. Alimburura mpaka kivulini nyuma ya karakana. Mbwa alijaribu kusimama, miguu ikampepesuka, akaanguka. Chiriku alipiga simu kwa mama yake, akasema tu, "Mama, njoo, Kufuli anakufa," kisha akalia.

Kabla mama hajafika, pikipiki ya baba iliingia uani. Kazi ya geti ilikuwa imekwisha mapema. Baba alimwona mbwa wake chini, akaitupa kofia yake.

"Amekuwaje?"

"Sijui, baba. Nimemkuta hivi."

Huo sasa ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka wenyewe, kwa sababu uongo wa kwanza ulikuwa umeshaufungulia mlango. Baba alipiga magoti, akaona povu, akaona matapishi. Uso wake ukabadilika.

"Saa sita alikuwa mzima, kivulini, na maji tele," alisema kama anayejisemea. "Mbwa mzima haanguki hivihivi. Huyu kalishwa sumu." Akainua macho kuelekea ukuta wa jirani. "Na ninajua nani."

Jirani wa upande ule alikuwa mzee aliyenunua na kuuza vyuma chakavu. Watoto walimwita Babu Chakavu, naye hakukasirika. Ila mwezi uliopita, baada ya kukosa usingizi siku tatu kwa kelele za Kufuli, alikuwa amesema mbele za watu, "Fundi, huyu mbwa wako usipomnyamazisha, nitamnyamazisha mimi." Maneno hayo baba hakuyasahau.

"Wewe mzee!" baba alipaza sauti. "Umemlisha nini mbwa wangu?"

Kichwa chenye mvi kilichungulia juu ya ukuta, miwani ikiwa imeshuka puani. "Mimi?"

"Si ulisema utamnyamazisha? Haya, umemnyamazisha!"

Watu walishaanza kujaa getini, maana ugomvi hauhitaji tangazo. Mmoja akasema aitwe polisi. Mwingine akasema huyu mzee siku zote alikuwa na roho ngumu. Babu Chakavu alitazama nyuso zile moja baada ya nyingine, majirani aliokaa nao miaka ishirini.

"Maziwa!" mtu akasema. "Sumu dawa yake maziwa!" Na chupa ya maziwa ikaletwa mbio. Baba akainua kichwa cha Kufuli, akakifungua kinywa kwa vidole, akaanza kuinamisha chupa.

Chiriku alisimama palepale, kichwa chake kimesukwa vizuri kweli. Aliona kila kitu. Aliona kwamba baba anatibu ugonjwa ambao haupo. Aliona kwamba mzee asiye na kosa atabeba jina baya mpaka kaburini. Akasikia kichwani mwake sauti ikimwambia, kaa kimya, hakuna aliyekuona. Akamtazama Kufuli, aliyekuwa na mambo yote ya kusema na hana mdomo wa kuyasema.

"Baba, usimpe."

"Ondoka hapo, Chiriku."

"Baba, hajala sumu!" Alipiga kelele mpaka watu wa getini wakanyamaza. "Babu hajafanya kitu. Sikumtoa. Nilikuwa nasukwa. Nilikudanganya, baba. Alikuwa ndani ya kibanda toka asubuhi."

Chupa ikabaki hewani.

"Hata maji?" baba aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hata maji."

Baba alimtazama. Hakumpiga, hakumtukana. Heri angemchapa, maana jinsi alivyomtazama ilimchoma kuliko fimbo. Kisha akaitua chupa chini, akatoa simu, akampigia daktari wa mifugo, akamweleza kila kitu bila kuficha. Simu aliiweka sauti ya juu, na wote wakamsikia daktari akizungumza haraka lakini kwa utulivu.

"Ni joto hilo, fundi. Msimmiminie kitu chochote mdomoni. Mbwa aliyelegea hivyo hawezi kumeza, kitamwingia mapafuni. Mwagieni maji ya bomba mwilini, sasa hivi. Tumboni, kwapani, mapajani, miguuni. Halafu mpepeeni. Msimfunike na kitambaa kilicholowa mkakiacha, kitahifadhi joto. Nakuja."

Mama alikuwa ameshafika, na aliposikia hivyo hakuuliza swali. Alishika mpira wa maji. Chiriku alishika mfuniko wa debe, akapepea kwa mikono yake miwili, huku vidole vilivyoungua vikimwuma. Maji yalipokwisha nguvu bombani, ndoo moja ilipitishwa juu ya ukuta, ikafuatwa na ya pili. Ilikuwa mikono ya Babu Chakavu.

Daktari alikuja kwa pikipiki, mwanamke mfupi aliyevaa buti za mpira, na begi lake mgongoni. Alimpima Kufuli kwa kipimajoto, akatikisa kichwa. "Arobaini na moja, na hii ni baada ya kumwagiwa maji. Mbwa mzima ana thelathini na nane, thelathini na tisa. Mngechelewa robo saa nyingine mngenipigia simu ya msiba." Akatafuta mshipa mguuni, akaunganisha dripu, na mfuko wa dripu ukaning'inizwa kwa waya kwenye fremu ya geti ambalo halijakamilika. Tone, tone, tone. Jua lilipoanza kulegea, Kufuli alivuta pumzi ndefu, akafumba macho, akayafumbua, na safari hii aliwatazama.

"Ataishi?" mama aliuliza.

"Leo ameishi," daktari akajibu. "Lakini figo zake zimepata shida, na sijui kwa kiasi gani. Nitamchukua kwa siku tatu. Sitaki kuwadanganya."

Neno lile la mwisho lilimpata Chiriku, ingawa daktari hakulielekeza kwake.

Kesho yake mchana nyumba ilikuwa kimya. Hakuna nyundo, hakuna mbwa. Baba alikaa juu ya kreti akiitazama nyumba ya chuma. Saa sita ilipofika akainuka, akafungua mlango wa maua, akapiga magoti, akajipenyeza ndani, mtu mzima mwenye mabega mapana, akavuta mlango nyuma yake.

"Baba Chiriku! Unafanya nini?" mama alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi.

"Niache kidogo."

Chiriku alisimama mlangoni pa jikoni, hakuthubutu kusogea. Dakika ya kwanza baba alikuwa kimya. Ya pili, wakamsikia akihema. Hakumaliza ya tano. Mlango ulifunguka kwa kishindo, akatoka kwa mikono na magoti, shati limelowa chapachapa, uso umeiva. Alikaa chini akipumua kwa mdomo.

"Na mimi ninatoka jasho mwili mzima," alisema alipoweza kusema. "Daktari ameniambia mbwa hatoki jasho kama sisi. Anapoza mwili kwa kuhema tu, na ndani humo anahema hewa ya moto. Nimemjengea tanuri, mama Chiriku. Nimelipaka rangi nyeusi, nikaliweka juani, halafu nikasema anadeka." Macho yake yalijaa machozi, na hakuyaficha. "Ulinionya, nikakuona huelewi kazi."

Mama aliuweka mwiko chini. Alimletea maji ya kunywa.

Alasiri ile baba aliwasha mashine ya kukatia, na cheche zikaruka. Alikata kuta, akakata paa, akaacha mlango tu. Jumamosi alinunua mbao, akajenga kibanda kingine nyuma ya karakana, penye kivuli kutwa. Alikiinua juu ya matofali ili hewa ipite chini, akakiacha wazi pande mbili, na mbele yake akazungusha uzio wa nondo wenye mlango ule wa maua, ili Kufuli aweze kutembea bila kumfikia mteja. Aliweka mabakuli mawili mazito ya maji, moja likipinduliwa jingine libaki. Misumari michache ilipinda, kwa kuwa mbao hakuzizoea, naye alijicheka mwenyewe.

Jumapili daktari alimrudisha Kufuli. Alikuwa amekonda, na alipotembea aliburuta mguu wa nyuma. Mkia aliutikisa, lakini hakubweka. Daktari alimkabidhi baba dawa, kisha akamgeukia Chiriku, kwa maana aliambiwa nani ana kazi ya kumtunza.

"Utamtembeza asubuhi na mapema, au jioni jua likishazama. Kabla hujatoka naye, weka mgongo wa mkono wako chini barabarani. Ukishindwa kuuacha hapo mpaka uhesabu tano, basi na yeye nyayo zake zitaungua. Maji ya baridi wakati wote, wala usingoje bakuli liishe. Ukimwona anahema kuliko kawaida, mate mazito, au anayumba, mtoe kwenye joto, mlowanishe, nipigie. Kwanza hayo, kulia baadaye."

"Ndiyo, daktari."

"Na huyu hatakuwa tena yule wa zamani. Kila mwaka jua likiwa kali, yeye ataumia mapema kuliko mbwa wengine. Mtamchunga mpaka mwisho wake."

Chiriku alipiga magoti akaweka uso wake kwenye shingo ya Kufuli. "Nisamehe," alimwambia. Kufuli akamlamba sikio. Hakuwa na kinyongo, na jambo hilo ndilo lililomliza zaidi.

Siku ile alasiri baba alivaa shati safi, akamwita binti yake. "Twende kwa babu."

Walimkuta Babu Chakavu akipanga vipande vya shaba mbele ya nyumba yake. Baba alisimama mbele yake akiwa ameshika mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee wangu, nimekukosea. Nilikuita muuaji mbele ya watu bila kuuliza. Hasira hasara, na hasara nimeitupa kwako. Watu wote walionisikia nitawafuata mmoja mmoja, niwaambie nilikosea."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Maneno yangu ya mwezi ule yalikuwa mabaya, fundi. Nilikuwa na usingizi. Lakini mkono huu haujawahi kumdhuru mnyama. Kilichoniuma si kelele zako. Kilichoniuma ni kwamba nilitazama nyuso zote pale getini, sikuona hata mmoja aliyesema, hapana, mzee huyu tunamjua." Akamtazama Chiriku. "Isipokuwa huyu mtoto."

"Babu, mimi ndiye niliyesababisha," Chiriku alisema. "Nilinyamaza kwanza. Uliposingiziwa, nilikuwa najua, nikanyamaza. Nisamehe, babu."

"Ulinyamaza, kweli. Kisha ukasema, na ulipokuwa unasema ulijua utaumbuka mbele ya mtaa mzima. Wakubwa wengi hawaliwezi hilo." Akamwekea mkono kichwani. "Nimekusamehe. Nendeni mkamwangalie mgonjwa."

Walirudi polepole. Kabla ya kufika getini baba alisimama.

"Chiriku, nataka nikuulize jambo. Siku ile nilipokupigia simu, unajua nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unasimika geti, baba."

"Lile geti lilikuwa dakika kumi kutoka hapa kwa pikipiki. Nilipiga simu kwa sababu moyo wangu haukutulia. Ungeniambia, 'Hapana, baba, bado,' ningepanda pikipiki nikaja. Ningekugombeza, ndiyo, labda mpaka jioni. Na Kufuli angekuwa anakimbia leo."

Chiriku aliinua macho. Hilo hakuwa amelifikiria hata mara moja. Siku zote hizi alikuwa amejilaumu kwa kuchelewa, na kumbe wakati alipochelewa, msaada ulikuwa sikioni mwake, ukimwuliza.

"Kuchelewa ni kosa," baba alisema. "Aibu nayo ni kosa la utoto, litakwisha. Mimi mwenyewe nilikosea kwa kiburi cha ufundi wangu. Makosa yetu hayo yote yangeweza kurekebishwa saa ile, dakika ile. Uongo ndio uliotuzuia. Ulipojibu 'ndiyo, baba', mimi nilitulia nikaendelea na kazi. Uongo humlaza usingizi mtu ambaye angekuja kukuokoa. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimekuelewa, baba." Machozi yalimtiririka. "Sitasahau."

"Siku nyingine ukikosea, niambie ungali unakosea. Usingoje mpaka imekuwa msiba."

Wakaingia uani. Kufuli alikuwa amelala kwenye kibanda cha mbao, kidevu juu ya miguu ya mbele, akiwatazama. Bakuli moja lilikuwa limebaki nusu. Chiriku alichukua ndoo, akaenda bombani, na baba akaenda zake karakanani.